Tela la kujazia ndege mafuta: nini kiwemo kabla hujamlipa fundi

Swali: Kampuni yetu ndogo iko Dodoma. Tuna ndege tatu, Caravan mbili na Cessna 206 moja, na hadi sasa tunajaza kwa mapipa na pampu ya mkono. Tunataka tela la mafuta la kuvutwa na pikapu au trekta la uwanjani. Fundi mmoja wa hapa anasema atatugeuzia boza la maji la lita 2,000 kwa bei nafuu, na kwamba tela hilohilo linaweza kubeba dizeli ya trekta na ya jenereta ya kuwashia ndege. Tela la namna hii linatakiwa liwe na nini hasa? *– Msomaji, Kizota*

Jibu: Ndugu msomaji, tela ni wazo zuri. Boza la maji liacheni hapohapo lilipo, na mpango wa tangi moja kubeba leo Jet A-1 (mafuta ya injini za tabaini kama za Caravan) na kesho dizeli ufuteni kabisa. Fundi wenu anaweza kuwa hodari wa kuchomelea, lakini tangi lisilovuja ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Unachonunua hasa ni uhakika kwamba mafuta yatatoka masafi kuliko yalivyoingia, kwamba chaji ya umeme haitapata pa kuruka, na kwamba mtu akiachia mkono mafuta yanasimama. Kama hela ni ya kubana, banieni kwenye ukubwa wa tangi na urembo wa rangi.

Kwa nini si boza la maji? Mengi ni ya chuma kilichopakwa zinki, au ya plastiki. Zinki hukutana na asidi kidogo iliyomo kwenye mafuta ya ndege ikatengeneza aina ya sabuni inayoziba filta na kuacha utando kwenye nozeli za injini. Shaba ni mbaya zaidi: inaharakisha mafuta kuharibika yakipata joto, na kabla ya kufika kwenye chumba cha kuunguzia cha injini ya Caravan mafuta hupashwa moto na oili. Kwa hiyo hata koki na viunganishi vya brasi, ambavyo maduka ya vifaa vya maji yamejaa, havina nafasi hapa. Plastiki nayo huacha chaji imekaa bila njia ya kutokea. Tangi liwe la alumini, la chuma kisichoshika kutu, au la chuma cha kawaida kilichopakwa ndani epoksi maalumu ya mafuta ya ndege. Kwa epoksi chagueni nyeupe. Ukiangaza tochi ndani, punje ya kutu inaonekana mara moja.

Umbo la tangi lina uzito kuliko unene wa bati. Sakafu ya boza la maji ni bapa na koki yake imekaa juu kidogo ya sakafu, kwa hiyo kuna kiasi cha maji na tope ambacho hakitoki maisha. Tangi la mafuta ya ndege sakafu yake inateremka, tuseme sentimita 3 hadi 4 kwa kila mita, kuelekea sampu, yaani kibakuli kilichochomelewa sehemu ya chini kabisa. Koki ya kumwagia maji iwe chini ya sampu, iwe ya springi inayojifunga yenyewe, na ikae mahali ambapo ndoo inaingia bila mtu kulala kifudifudi. Msiidharau hii. Koki inayomlazimisha kijana wa zamu kulala kwenye vumbi kila asubuhi itafunguliwa wiki mbili za mwanzo, halafu basi. Iwekeeni pia kinga ya chuma, kwa sababu ndicho kitu kinachoning'inia karibu zaidi na mawe ya viwanja vya vumbi.

Bomba la kunyonyea mafuta lianzie sentimita kadhaa juu ya sampu ili lisivute maji. Ndani kuwe na vigawanyo vyenye matundu vya kuvunja nguvu ya mafuta yanapoyumba wakati wa kukata kona. Hakikisha kila kigawanyo kina tundu pia kwenye ukingo wake wa chini kabisa. Mafundi husahau hilo, na maji yanabaki yamefungiwa nyuma ya kigawanyo mpaka siku tela linapovutwa kwenye mteremko ndipo yanapohama yote kwa pamoja.

Juu ya tangi, tatizo la Dodoma ni mvua za Desemba hadi Aprili. Mfuniko wa kuingilia huzungukwa na ukingo, na ukingo huo hukusanya maji ya mvua. Uwe na bomba lake dogo la kupeleka maji chini nje ya tangi. Likizibwa na vumbi la miezi ya kiangazi, mvua ya kwanza inakaa juu ya gasketi usiku kucha, na gasketi iliyokauka kwa jua haizuii. Safisheni bomba hilo mwezi Novemba. Tundu la kupumulia liwe na vali ya presha na ombwe, pamoja na wavu wa kuzuia miali ya moto. Msijaze tangi hadi mdomoni pia: mafuta yaliyoingia asubuhi yakiwa nyuzi 15, yakafika nyuzi 35 saa nane mchana, hutanuka karibu lita 19 kwa kila 1,000. Acheni nafasi ya asilimia 3.

Kuhusu ukubwa, lita 2,000 ni nyingi kwenu. Caravan inachukua takriban lita 1,257 zinazotumika, na ni nadra kuijaza yote kutoka tupu. Tela la lita 1,000 hadi 1,200 linatosha. Lita 1,000 za Jet A-1 zina uzito wa kama kilo 800, kwa hiyo pamoja na fremu, pampu na filta mnavuta takriban tani moja na nusu, kitu ambacho pikapu ya kawaida inakimudu na breki zake zinakizuia. Tangi kubwa lililojaa nusu huyumba zaidi, na mafuta yake hukaa muda mrefu yakisubiri kutumika. Cessna 206 inatumia Avgas, yaani petroli ya ndege zenye injini za pistoni, kwa hiyo haihusiki na tela hili hata kidogo. Ijengeeni kigari chake cha lita 300 au 400, au endeleeni na mapipa ya Avgas kwa pampu yenye filta nzuri. Mpira mmoja, nozeli moja, aina moja ya mafuta, daima.

Sasa filta, na hapa ndipo hela iende. Kwa Jet A-1 mnahitaji filta ya kutenganisha maji iliyofuzu kiwango cha EI 1581 (EI ni Energy Institute, taasisi inayoweka viwango vya vifaa vya mafuta). Ndani ina hatua mbili. Ya kwanza, koalesa, inashika vumbi na kuviunganisha vitone vya maji visivyoonekana kwa macho mpaka vinakuwa vizito na kuanguka chini. Ya pili, separeta, inayaruhusu mafuta na kuyakataa maji. Maji yanakusanyika chini ya nyumba ya filta, nayo inahitaji koki yake ya kumwagia. Adui mkubwa wa koalesa ni kitu chochote chenye tabia ya sabuni. Kikishajipaka kwenye nyuzi zake, vitone haviungani tena na maji yanapita yakiwa yamesagika, huku geji ikionyesha kila kitu ni shwari. Viongeza vya dizeli vina tabia hiyo. Hiyo peke yake inatosha kumjibu fundi wenu kuhusu dizeli, hata kabla ya kutaja kwamba dizeli yenye asili ya mimea ikizidi miligramu 50 kwa kilo ya Jet A-1, mafuta hayo hayafai tena kwa ndege.

Mtaoneshwa pia tela za bei nafuu zenye filta za kufungwa kama ya oili, ambazo zikikutana na maji zinavimba na kujifunga. Ndani zina unga wa polima unaonyonya maji. Tarehe 13 Aprili 2010, ndege ya Cathay Pacific namba 780 kutoka Surabaya ilifika Hong Kong injini zote mbili zikiwa hazidhibitiki, na ikatua kwa kasi kubwa kupita kiasi. Uchunguzi ulikuta punje za polima hiyo zimekwamisha vifaa vya kupimia mafuta vya injini, baada ya maji ya chumvi kuziharibu filta za upande wa uwanja. Mwishoni mwa 2020 Energy Institute iliondoa kiwango cha EI 1583 kilichokuwa kinazisimamia. Muuzaji akikuambia filta yake ni ya EI 1583, anakuuzia mabaki ya ghala. Kwa Avgas ni rahisi zaidi: filta ndogo ya mikroni 5 au chini ya hapo inatosha.

Kila nyumba ya filta iwe na geji ya tofauti ya presha kati ya kuingilia na kutokea. Vipande vya ndani hubadilishwa tofauti ikifika bar 1, au miaka 3 ikitimia, lolote litakalotangulia. Mtego uko hapa: bar 1 hiyo ni kwa kasi kamili ya filta. Mkifunga filta ya lita 200 kwa dakika kwenye pampu inayotoa lita 80, geji itasoma chini siku zote. Ikisoma bar 0.2 kwa lita 80, kwa makadirio ni kama bar 0.5 kwa lita 200. Anayesubiri kuona bar 1 kwenye geji atasubiri mpaka filta imeshachoka. Andikeni usomaji kila wiki, pampu ikiwa kwenye kasi ileile, na uchoreni kwenye karatasi ya grafu. Mstari unatakiwa kupanda polepole. Ukishuka ghafla, hata kwa bar 0.35 tu, msifurahi: kuna kipande kimepasuka au gasketi imehama, na mafuta yanapita pembeni bila kuchujwa. Simamisheni tela siku hiyohiyo.

Pampu iwe na mota isiyotoa cheche nje, iliyothibitishwa kwa maeneo yenye mvuke wa mafuta, na ifungwe chini ya usawa wa tangi ili mafuta yaifikie yenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa inayosukuma mafuta kwenda kwenye pampu ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar es Salaam. Kwa Jet A-1 si shida. Kwa Avgas saa nane mchana, pampu iliyofungwa juu ya tangi itanyonya mvuke, italia, na haitatoa kitu.

Lita 60 hadi 100 kwa dakika zinatosha. Lita 600 za Caravan mtazimaliza kwa dakika kumi au pungufu, na mtu wa kwenye ngazi atakuwa na muda wa kuona mafuta yanavyopanda. Kosa la kawaida kwenye tela zinazotumia betri ni nyaya nyembamba. Pampu ya lita 60 kwa dakika inavuta kama ampea 36 kwenye volti 12. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye mota, waya wa milimita za mraba 2.5 unakula volti 2.5 njiani; mota inapata tisa na nusu, inachemka, inapunguza kasi, na fundi anailaumu pampu. Wekeni waya wa milimita za mraba 10, upotevu unashuka hadi volti 0.6. Swichi kuu na fyuzi zikae kwenye boksi lililozibwa, mbali na tundu la kupumulia na mbali na koki.

Umeme tuli unastahili heshima ya pekee Dodoma, hasa Julai hadi Oktoba, upepo unapovuma na hewa kukauka. Mafuta yakipita kwenye filta hujichaji, na filta ndiyo inayochaji kuliko bomba lolote. Kanuni za NFPA (chama cha Marekani cha kinga ya moto) na za API (taasisi ya mafuta ya Marekani) zinataka mafuta yakitoka kwenye filta yapewe sekunde 30 ndani ya bomba au mpira kabla ya kumwagika, isipokuwa kama yana kiongeza cha kupitisha umeme. Jet A-1 yenye kiongeza hicho inatakiwa iwe kati ya 50 na 600 kwenye kipimo cha pikosimensi kwa mita, yaani kipimo cha jinsi mafuta yanavyopitisha umeme. Ulizeni cheti cha mzigo. Kwenye tela, hii ni sababu nyingine ya kutokimbilia kasi kubwa.

Kinga yenyewe ni waya wa kusawazisha chaji kati ya tela na ndege, uliozungushwa kwenye rili yenye springi, wenye klipu yenye meno makali. Upimeni kila mwezi kwa mita ya omu, kutoka klipu hadi fremu: usizidi omu 25. Ukizidi, mara nyingi waya umekatikia ndani ya ganda pale unapoingia kwenye klipu, nje ukionekana mzima. Mafundi wengi hupenda kuchomeka nondo ardhini wakaamini wamemaliza. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu kiasi kwamba nondo hiyo inasaidia kidogo sana, na cheche inayotisha ni ile ya kati ya nozeli na mdomo wa tangi la ndege. Waya wa ndege na tela hauna mbadala. Wakati wa kupakia tela kutoka juu, bomba lifike sentimita 15 kutoka sakafuni, na mafuta yaende taratibu, si zaidi ya mita 1 kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba uzame. Kwa bomba la inchi 2 hiyo ni kama lita 120 kwa dakika. Afadhali zaidi ni kupakia kutoka chini kwa kiunganishi kinachojifunga, maana mfuniko wa juu hautafunguliwa kwenye vumbi.

Mpira uwe wa kiwango cha ISO 1825, ambacho ni mrithi wa EI 1529. Mpira wa kituo cha mafuta au wa maji ya bustani haufai, hata uwe mpya. Soma tarehe iliyochapwa juu yake: ukifikisha miaka 10 tangu utengenezwe unatupwa, na usinunue uliokaa stoo zaidi ya miaka 2. Urefu wa mita 12 hadi 15 unaruhusu tela kukaa mbali na bawa. Kila mwezi uvuteni wote nje ya rili, uwe na presha, mkiupapasa kwa mkono. Uvimbe, malengelenge na sehemu laini karibu na viunganishi ndivyo vinavyotafutwa.

Nozeli ya Jet iwe na mdomo bapa kama wa bata, upana wake usiopungua milimita 67. Mdomo wa Avgas hauzidi milimita 49. Mwanya huo umewekwa makusudi: tundu la tangi la Cessna 206 lililorekebishwa kwa Avgas halizidi milimita 60, hivyo mdomo wa Jet haupiti. Akitokea mtu anataka kubadilisha mdomo “kwa sababu hauingii”, simamisheni kazi papo hapo. Amefika kwenye ndege isiyo yake, na injini ya pistoni iliyotiwa Jet A-1 inaweza kuruka vizuri kabla ya kuanza kupasuka ndani. Nozeli isiwe na kidole cha kuishikilia ikiwa wazi kama zile za vituoni. Mkono ukiachia, ifunge. Vibandiko ni vyeusi vyenye maandishi meupe kwa Jet A-1, vyekundu vyenye maandishi meupe kwa Avgas, pande zote mbili za tela na kwenye nozeli yenyewe.

Kwenye bomba la kutokea tangini kuwe na vali ya dharura inayofungwa kwa kebo kutoka pande mbili za tela, yenye kiungo kinachoyeyuka kisizidi nyuzi 121 ili moto ukitokea ijifunge bila mtu. Vizima moto viwe viwili vya unga wa kilo 9, kimoja kila upande, kwa kuwa moto hauchagui upande mliosimama.

Breki: tela zuri la uwanjani linajifunga breki lenyewe mshikio wa kuvutia unapoinuliwa au unapoachiwa. Kinachokosekana mara nyingi ni kiunganisho kati ya breki na nozeli, ambacho kinazuia tela kuondoka nozeli ikiwa haijarudishwa mahali pake. Kigharimieni. Kasi ni kilomita 20 kwa saa, kwenye kona kasi ya mtu anayetembea. Na tela hili si la barabarani. Kutoka uwanja wa mjini hadi uwanja wa Msalato ni zaidi ya kilomita kumi kwenye barabara ya Kondoa, na mtu asije akalifunga nyuma ya Land Cruiser eti ni karibu.

Mita ichaguliwe yenye usahihi wa asilimia 0.2 na ikaguliwe na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo kama mnauziana mafuta. Kumbukeni joto kwenye hesabu zenu za mwezi: lita 1,000 zilizopimwa kwa nyuzi 30 ni kama lita 986 kwa nyuzi 15. Wengi wamewatuhumu vijana wao wizi kwa lita hizo 14.

Utaratibu wa kujaza ndege uko hivi, na mpangilio wake ndio wenyewe:

1. Tela lisimame nje ya bawa, gari likiwa limezimwa lakini bado limeunganishwa, uso ukielekea njia ya wazi. Breki, kisha kabari kwenye magurudumu.
2. Waya wa kusawazisha ufungwe kwenye chuma tupu cha ndege kilichoelekezwa na kitabu chake, si juu ya rangi.
3. Soma kibandiko kando ya mfuniko wa ndege, soma cha tela, vilingane. Rubani athibitishe aina na kiasi.
4. Panda ngazi na nozeli, funga waya mdogo wa nozeli kwenye ndege kabla ya kufungua mfuniko.
5. Mdomo wa nozeli uguse chuma cha tundu muda wote. Hakuna faneli ya plastiki, hakuna simu juu ya bawa.
6. Ukimaliza funga mfuniko kwanza, ondoa waya wa nozeli, shuka, halafu ndipo waya mkubwa.

Kwa Caravan angalieni pia mizani ya mabawa: tofauti ya mafuta kati ya bawa na bawa isizidi kilo 91 angani, yaani takriban lita 114. Mita yenye kurudishwa sifuri kila upande inasaidia.

Kila asubuhi, baada ya mvua, na dakika 10 baada ya kila kupakia, mwageni kutoka sampu ya tangi na ya filta. Lita 1 kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, izungushe mpaka itengeneze kimbunga. Uchafu unakusanyika katikati chini. Mafuta yawe safi na angavu, kisha yapimeni kwa kidonge cha sindano kinachobadilika rangi kikikuta maji. Kidonge hakirukwi kwa sababu chupa inaonekana nzuri: chupa iliyojaa maji matupu nayo ni safi na angavu, na ndivyo wengine wanavyodanganyika baada ya usiku wa mvua kubwa. Mkiona utelezi mweusi au wa kahawia kwenye ndoo, hao ni vijidudu wanaoishi mpakani mwa maji na mafuta. Kumwaga tu hakuwaondoi. Tangi lifunguliwe, lioshwe, na filta ibadilishwe.

Kuna swali ambalo hamkuuliza lakini linakuja mara bei zikipanda: mafuta ya taa. Yanafanana na Jet A-1 kwa macho na kwa harufu, ila hayajapimwa kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri wala uvumilivu wake wa joto. Hayaingii kwenye tela hili hata kwa kuoshea.

Dizeli ya trekta na jenereta inahitaji kitela chake, na hicho fundi wenu wa Dodoma anaweza kukijenga vizuri: lita 300 hadi 500, chuma cha kawaida, beseni la nje la kukinga lenye ujazo wa asilimia 110 ya tangi, filta ya mikroni 10 yenye kikombe cha maji, na nozeli ya kawaida ya kujikata tangi likijaa. Kipakeni rangi tofauti kabisa, na viunganishi vyake visiingiliane na vya Jet hata mtu akijaribu usiku.

Mafuta yakimwagika: doa likizidi mita 3 upande wowote au eneo la mita za mraba 5, au likiwa bado linaendelea kutoka, si la kufuta kwa kitambaa. Waiteni Zimamoto wa uwanja kwanza, msiwashe injini yoyote, mengine baadaye. Tela likiegeshwa, likae mita 15 kutoka kwenye jengo na ndege, mita 3 kutoka tela jingine.

Kabla ya kusaini chochote, pelekeni michoro kwa uongozi wa uwanja, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na Zimamoto, maana kubadilisha tangi lililokwisha kuchomelewa ni ghali kuliko kubadilisha karatasi. Siku ya kupokea, zuieni malipo ya mwisho mpaka haya yafanyike mbele yenu: mimineni lita 20 za maji kwenye tangi tupu, mwone yote yanatoka kwenye koki ya sampu na hakuna yaliyobaki nyuma ya vigawanyo. Kausheni, pakieni lita 200 za Jet A-1, zizungusheni kupitia pampu, filta na mpira kurudi tangini kwa nusu saa, kisha chukueni sampuli. Kama tangi lina epoksi mpya, yaacheni mafuta yaloweke na kupelekwa maabara kabla ya kuruhusiwa kuhudumia ndege. Lita hizo 200 za kuoshea zitiwe kwenye pipa lililoandikwa wazi kuwa si za ndege, na muuza mafuta wenu azichukue.